Nyumba ya udongo ya mwaka 1844 pale Long Beach, California: kila kizazi kiliibadilisha, na ndiyo maana bado imesimama

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu wamo wapenzi wa majengo ya kale na wamo mafundi, kwa hiyo uzi huu nauleta kwa pande zote mbili.

Nyumba yenyewe inaitwa Rancho Los Cerritos, iko Long Beach, kusini mwa California. Ilijengwa mwaka 1844 kwa adobe, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa juani bila kuchomwa. Wakati ule California ilikuwa bado chini ya Mexico. Leo ni makumbusho na ni mali ya jiji. Katikati hapo imekuwa makao ya shamba la ng'ombe, ikawa nyumba ya familia iliyofuga kondoo kwa maelfu, ikawa nyumba ya kupangisha iliyochakaa, halafu ikawa makazi ya kisasa ya ukoo wenye uwezo. Kila aliyeingia aliondoa kitu na kuongeza kitu.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mnaotaka kuipinga mjipange: watu husifia jengo la kale kwa kusema halijaguswa, lakini nyumba ya udongo isiyoguswa haikai. Ikiachwa miaka michache bila mtu, mvua inaimaliza. Nyumba hii imefika kwetu kwa sababu kila kizazi kilitia mkono, hata pale kilipotia mkono vibaya.

Nianze na ardhi. Mwaka 1784 askari mmoja aitwaye Manuel Nieto alipewa na gavana wa Kihispania, Pedro Fages, haki ya kuchunga mifugo katika eneo la ekari karibu 300,000. Misheni ya San Gabriel ikalalamika kwamba sehemu ya eneo hilo ni yake, likapunguzwa hadi ekari 167,000 hivi. Hata baada ya kupunguzwa, hebu fikirieni ukubwa huo kwa mtu mmoja. Mwaka 1834 warithi wake wakagawana. Binti yake Manuela Cota akapata Los Cerritos, ekari 27,000. Kabla ya hao wote, nchi hii ilikuwa ya Watongva, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na nitawarudia, kwa sababu bila wao hakuna ukuta hata mmoja.

Mwaka 1843 akaja mnunuzi. John Temple, mzaliwa wa Massachusetts, jimbo la mashariki mwa Marekani, alifika Los Angeles miaka ya 1820, akafungua duka, akabatizwa Mkatoliki, akachukua uraia wa Mexico na jina la Juan, akamwoa Rafaela Cota. Mwaka uliofuata akaijenga nyumba. Naendelea chini.

#2 Mchangiaji

Nimeshaweka kiti, mkuu. Shusha nondo.

#3 Mleta uzi

Ujenzi wenyewe. Temple hakujenga ya kukaa mwaka mzima, maana alikuwa na nyumba Los Angeles. Hii ilikuwa makao ya shamba na mahali pa kupumzikia. Umbo lake ni la herufi U: mbele kuna jengo la ghorofa moja lenye baraza juu na chini, halafu mbavu mbili ndefu zisizo na ghorofa zinarudi nyuma na kuzunguka ua. Humo mbavuni ndimo zilimokuwa stoo, karakana na vyumba vya wafanyakazi.

Mtindo huo una historia yake. Wahispania walizoea nyumba ya udongo ya chini, vyumba vimepangana mstari, unatoka chumba kimoja unapita nje kwenye baraza kwenda kingine. Watu wa Massachusetts walizoea nyumba ya mbao yenye ghorofa. Mfanyabiashara mwingine wa kutoka hukohuko, Thomas Larkin, ndiye aliyevichanganya viwili hivyo mwaka 1835 alipojenga kwake Monterey, mji wa California hiyohiyo, na mtindo ukashika jina la mji huo. Kwa hiyo hata siku ya kwanza nyumba ya Temple ilikuwa tayari ni mchanganyiko. Anayetafuta "asili" safi humu hataipata.

Sasa tofali. Unachimba shimo, unatupia udongo wa mfinyanzi, mchanga, maji na majani makavu, unakanyaga kwa miguu mpaka uji ule ushikane na majani yapotee ndani. Unajaza kwenye fremu ya mbao, unasawazisha kwa kiganja, unainua fremu. Tofali la California ya wakati ule lilikaribia urefu wa sentimita 55, upana 28 na unene 10, na lilikuwa mzigo wa mtu mzima kulibeba. Linakaa limelala siku kadhaa, kisha linasimamishwa kwa ubavu ili upepo upite pande zote mbili. Ukiharakisha, linapasuka katikati. Majani hayawekwi kwa ajili ya nguvu tu. Yanasaidia unyevu wa ndani utoke sawasawa ili tofali lisikauke nje likabaki bichi ndani.

Matofali hayo yanajengwa kwa udongo uleule badala ya saruji. Kuta zinafika unene wa kati ya futi mbili na tatu, na mchana wa joto kali ndani kunabaki baridi, kwa sababu joto la jua linachukua saa nyingi kuupita ukuta wa namna hiyo.

#4 Mchangiaji (fundi ujenzi)

Mleta uzi, umeeleza tofali vizuri, lakini nyumba ya udongo inaishi kwa paa na msingi. Hivyo viwili vikiwa sawa, ukuta wa udongo unaishi kuliko wewe na wajukuu zako. Je, huyo Temple aliezeka kwa nini?

#5 Mleta uzi

Fundi, umegonga penyewe. Paa ndiyo hadithi nzima ya nyumba hii.

Temple aliweka paa bapa na kulipaka lami ya asili inayochemka yenyewe kutoka ardhini pale La Brea, Los Angeles. Ilikuwa kawaida ya nyumba za huko. Faida yake: ipo karibu, na maji hayapiti ikiwa nzima. Shida yake kila mtu wa zama hizo aliijua: jua la kiangazi likiwaka lami inalainika, inatiririka ukingoni na kuchora michirizi myeusi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kipindi cha baridi inakakamaa na kupasuka. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua mtu alipaswa kupanda na kuziba.

Temple alifuga ng'ombe kwa ajili ya ngozi na mafuta yake, bidhaa mbili zilizokuwa uhai wa California nzima. Ngozi zilipakiwa merikebuni kwenda kutengeneza viatu Massachusetts, mafuta yakaenda kuwa mishumaa na sabuni. Mwaka 1848, baada ya vita kati ya Marekani na Mexico, California ikawa ya Marekani. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya majira ya baridi ya 1861 kuingia 1862, na nyuma yake ukame uliomaliza mifugo nchi nzima ile. Mwaka 1866 Temple aliuza shamba zima, ekari zile 27,000 na nyumba, kwa dola 20,000. Alifariki mwaka huohuo.

Wanunuzi ni kampuni ya Flint, Bixby, na aliyepewa usimamizi ni Jotham Bixby, mtu wa Maine, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Huyu alihamia kabisa na familia yake, wakakaa hadi 1881. Ng'ombe wakatoka, kondoo wakaingia, na katika miaka ya juu kabisa walifika 30,000. Nyumba nayo ikageuka kutoka makao ya shamba kuwa nyumba ya watoto. Na jambo kubwa alilofanya Bixby, fundi, ni hilohilo uliloliuliza: aliiondoa habari ya paa bapa la lami, akaweka paa la mteremko lililoezekwa kwa vipande vya mbao.

Ukimwangalia mtu wa "tusiguse asili," hapo Bixby aliharibu. Alifuta sura ya Temple, na nyumba ilipata kofia ya Maine juu ya mwili wa Mexico. Lakini paa la mteremko linatupa maji mbali na ukuta. Mimi naamini uamuzi ule umechangia kuinusuru nyumba kuliko jambo jingine lolote lililofanywa kwenye karne yake ya kwanza.

#6 Mchangiaji

Mleta uzi, nakufuatilia kwa makini, ila nina neno. Umetaja Temple, Bixby, Larkin. "Temple akaijenga." Temple hakukanyaga udongo. Umesema utawarudia Watongva na bado.

#7 Mleta uzi

Uko sahihi kunidai, na deni nalilipa hapa.

Kazi ya mikono katika mashamba ya California ya wakati ule ilitegemea wenyeji wa asili. Wengi walikuwa wametoka katika misheni, ambako walifundishwa, mara nyingi kwa kulazimishwa, kufyatua matofali haya haya, kujenga, kuchuna ngozi, kusuka, kupanda mizabibu. Misheni zilipovunjwa na serikali ya Mexico miaka ya 1830, ilisemekana sehemu ya ardhi ingerudi kwao. Sehemu kubwa ikaishia kwenye mashamba ya watu binafsi, na wao wakabaki vibarua juu ya ardhi ya babu zao. Baada ya Marekani kuingia hali ilizidi kuwa mbaya: sheria ya California ya 1850 iliruhusu mwenyeji wa asili aliyekamatwa kwa uzururaji akodishwe kwa nguvu kwa mwenye kumlipia faini.

Kwa hiyo vile vyumba vya mbavuni nilivyovitaja havistahili kupitwa haraka. Mgeni huvutwa na sebule ya ghorofani, lakini mimi naona chumba cha mfanyakazi ndicho kinachoeleza nyumba ilijengwaje na ilisimama kwa jasho la nani. Makumbusho yoyote ya adobe yanayoonyesha vyombo vya mezani vya tajiri na kuificha hiyo sehemu yanakuwa yameeleza nusu ya habari.

#8 Mchangiaji

Ahsante. Hiyo ndiyo ilikuwa inakosekana. Endelea baada ya 1881.

#9 Mleta uzi

Baada ya 1881 nyumba ikaingia kipindi kibaya. Akina Bixby waliondoka, wakawa wanaipangisha. Ardhi nayo ikaanza kukatwa vipande. Mwaka 1882 William Willmore alipima mji juu ya sehemu ya shamba karibu na bahari akauita Willmore City. Mji wake haukumlipa, ukachukuliwa na wengine ukaitwa Long Beach. Miji mingine ya jirani, kama Bellflower, Paramount na Lakewood, iko juu ya ardhi ya shamba hilohilo. Nyumba ikabaki kama kisiwa, na mpangaji hapandi paa la mwenyewe. Mnajua nyumba inavyokuwa pale mwenyewe hayupo na mpangaji hana uchungu nayo.

Mwaka 1930 Llewellyn Bixby, mtoto wa ndugu yake Jotham, akairudisha mikononi mwa familia na kuifumua. Paa la mbao likatoka, vikaingia vigae vyekundu. Umeme, mabomba ya maji, mahali pa moto, sakafu mpya, kibaraza cha kuotea jua, na nje kuta zikavikwa plasta ya saruji. Bustani akapewa Ralph Cornell, msanifu mandhari aliyejulikana sana kusini mwa California. Wakati ule California nzima ilikuwa imependa sura ya Kihispania, hata nyumba mpya za mbao zilikuwa zinavikwa vigae vyekundu. Kwa hiyo nyumba halisi ya enzi ya Mexico ilipambwa ionekane "ya Mexico" zaidi kuliko ilivyokuwa mwaka 1844, maana Temple hakuwa na vigae vile juu.

Mwaka 1955 jiji likainunua na kuifungua kwa umma. Mwaka 1970 ikaingizwa kwenye alama za kitaifa za kihistoria za Marekani.

Na hapa ndipo lilipo swali lililonifanya nilete uzi: ukiikabidhiwa nyumba kama hii, unairudisha ya nani? Ya Temple yenye lami? Ya Jotham yenye mbao? Au unaiacha ya 1930? Pale Los Cerritos paa la vigae na sura ya 1930 vimeachwa, na mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote.

#10 Mchangiaji

Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Angalia Avila Adobe, palepale Los Angeles, Olvera Street. Ilijengwa 1818 na Francisco Ávila, ndiyo nyumba ya makazi kongwe kuliko zote zilizosimama katika jiji hilo. Imekuwa makao ya Kamanda Stockton wa jeshi la majini la Marekani mwaka 1847, ikaja kuwa nyumba ya kupanga vyumba, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ikasema haifai kukaliwa. Mwanamama mmoja, Christine Sterling, akaipigania isibomolewe, na mtaa huo wa Olvera ukafunguliwa kwa wageni 1930. Tetemeko la 1971 likaipiga, ikatengenezwa. Na leo ndani imepangwa kama ilivyokuwa miaka ya 1840.

Mtu akiingia pale anaelewa mara moja maisha ya zama zile. Kwako Los Cerritos mtoto wa shule anaona vigae vya 1930 anadhani Temple ndiye aliyeviweka. Jengo la kihistoria lina kazi ya kufundisha, na somo lenye sura tatu kwa pamoja linamchanganya mwanafunzi.

#11 Mleta uzi

Hoja yako ina uzito na Avila naiheshimu. Ila tazama gharama yake. Kuirudisha nyumba miaka ya 1840 ni kuchagua muongo mmoja na kuwatoa nje wote waliofuata. Wale waliokodi vyumba Avila ilipokuwa imechoka, mapishi yao, mapazia yao, hawana tena nafasi ndani. Sterling mwenyewe aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1963, na bila yeye pale pangekuwa mahali patupu.

Kuna na upande wa kiufundi. Kuirudisha Los Cerritos kwa Temple ni kung'oa paa zuri linalozuia maji na kuweka paa bapa la lami lililowashinda wenyewe. Utakuwa umeijenga upya nyumba ya 1844 kwa udongo na mbao za leo, huku ukitupa vitu halisi vya 1930 vinavyokaribia umri wa miaka mia. Kuhusu mtoto wa shule, mwalimu mzuri akimsimamisha uani na kumwonyesha paa, atamweleza vizazi vitatu kwa kidole kimoja. Hilo ndilo somo ninalolitaka mimi.

#12 Mchangiaji

Na matetemeko? California si inatikisika kila leo? Ukuta wa udongo usio na nondo unahimilije?

#13 Mleta uzi

Swali zuri. Tarehe 10 Machi 1933, miaka mitatu tu baada ya ukarabati, tetemeko la ukubwa wa 6.4 liliipiga Long Beach. Zaidi ya watu 100 walikufa, na shule nyingi za matofali ya kuchoma zilianguka. Ilikuwa jioni, watoto wameshatoka darasani. Mwezi uliofuata California ikapitisha sheria ya kusimamia ujenzi wa shule. Nyumba yetu ya udongo ikabaki imesimama.

Hii haina maana kwamba udongo ni salama. Tetemeko la Northridge, 17 Januari 1994, ukubwa 6.7, liliharibu vibaya nyumba kadhaa za adobe, mojawapo ya De la Ossa pale Encino. Lakini katika miaka hiyo ya 1990 taasisi ya Getty iliendesha utafiti kwa kuweka vielelezo vidogo vya nyumba za adobe juu ya meza za kutikisa, pale Chuo Kikuu cha Stanford na baadaye vikubwa zaidi kule Skopje, Makedonia. Walichoonyesha ni kwamba adobe inapasuka mapema, ila kupasuka si kuanguka. Ukuta mnene usio mrefu sana hubaki ukicheza juu ya uzito wake, vipande vimekaliana. Unaoua ni ukuta mwembamba na mrefu ambao haujafungwa juu. Kwa hiyo dawa waliyopendekeza ni nyepesi: mikanda ya kuzungusha ukutani, vyuma vyembamba vya katikati pale inapobidi, na kuufunga ukuta na dari na paa ili usipinduke nje. Zamani wahandisi walitaka kumimina zege ndani ya kuta, na kwa kufanya hivyo walikuwa wanaiua adobe ili kuiokoa.

#14 Mchangiaji (fundi ujenzi)

Narudi kwenye plasta ya saruji ya 1930, maana umeipita haraka. Mimi nimeshabandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa udongo. Nje panang'aa, ukigonga kunalia wazi, ukibandua unakuta udongo wa chini umekuwa unga, unachota kwa mkono. Sababu ni kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini, ukuta unataka kuutoa, saruji inaufungia ndani. Ukipata ufa mdogo tu, mvua nayo inaingia na haitoki. Chumvi inajikusanya, inapasua udongo chembe kwa chembe, ukuta unaliwa kuanzia miguuni. Kwa udongo weka lipu ya udongo au ya chokaa. Inachakaa, ndiyo, unarudia. Lakini inachakaa yenyewe badala ya ukuta.

#15 Mleta uzi

Fundi, post hii ingestahili kuwa uzi wake. Kuchakaa yenyewe badala ya ukuta: waliokuwa wanapaka chokaa kila mwaka kwenye nyumba hizi hawakuwa wanapamba tu. Ujuzi wa 1930 uliamini saruji inatibu kila kitu, na wataalamu wa hifadhi Marekani walikuja kuonya baadaye dhidi ya kuipaka juu ya adobe. Hapo ndipo nilipomaanisha kutia mkono vibaya.

#16 Mchangiaji

Sasa aliyekwisha kuipaka saruji nyumba yake ya udongo, abandue yote leo?

#17 Mchangiaji (fundi ujenzi)

Hapana, usivamie. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Angalia paa, angalia mifereji ya paa inamwaga wapi, angalia kama ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu ya ndani, kama kuna bomba linalovuja au maua yanayomwagiliwa ukutani. Rekebisha hayo kabla hujagusa plasta. Kisha bandua sehemu ndogo ya chini, sentimita chache kwa chache, uone udongo ukoje. Ukuta uliolowa sana una hatari, wakati mwingine hiyo plasta ndiyo imeushika. Weka mihimili ya kuushikilia, acha ukauke taratibu. Palipoliwa jaza kwa tofali bichi la udongo unaofanana na wa ukuta, lililokauka vizuri, na udongo uleule katikati. Usijaze zege, kwa sababu litakuwa gumu kuliko jirani yake na maji yatatafuta njia pembeni yake.

Ukimaliza, panda juu ukague paa kila mwaka kabla ya mvua.